Machozi Matamu ya Ng'ambo ya Songwe

Naanza kwa jina lake, aliyeumba mapenzi,
Songwe nao ni wa kwake, wenda pasi na ajizi,
Amjaliaye pweke, kumbukumbu na machozi,
Na kicheko kiwe chake, kimwondoshee simanzi.

Baada ya kumtaja Mwenye kustahiki kutajwa kabla ya kila jambo, na kumwomba atukinge na ulimi uchomao na kicheko kiumizacho, yafaa wahusika wa sura hii wapangwe mahali pao kama wageni wapangwavyo jamvini, ili msomaji asije akamsalimu mtu kwa jina la mwenziwe.

Wa kwanza ni Keziya binti Hezroni, mzaliwa wa Ipinda huko Kyela, msichana ambaye macho yake hucheka kabla ya midomo. Alikuwa amevuka mto Songwe kwenda Karonga, upande wa Malawi, kumsaidia shangazi yake aliyeugua miguu, amshikie biashara ya mchele sokoni. Shangazi alipona. Keziya hakurudi.

Wa pili ni Kenani wa Mwaya, mkulima wa kakao, mpole wa sauti na mpana wa mabega. Alimpenda Keziya siku ile alipomwona akipepeta mchele mbele ya mashine ya kukoboa pale Ipinda, pumba zikimtua kichwani na kwenye nyusi mfano wa mvi za mapema. Akasema moyoni: "Huyu nikizeeka naye sitashtuka, maana uzee wake nimekwisha kuuona, nao ni mzuri."

Wa tatu ni Mzee Yakobo, babaye Kenani, mtu wa heshima zake, mwenye kikohozi kinachosikika mashamba mawili mbali na saa ya mkononi ambayo aliiamini kuliko jua. Na wa nne ni Shangazi Felista mwenyewe, mjane wa Karonga, ambaye alijua lugha tatu na katika zote tatu hakujua kunyamaza.

Lililobaki si mtu bali ni desturi. Kwa Wanyakyusa wa zamani, ng'ombe wa mahari wakishapokewa, baba mkwe na mkamwana wake hawaonani tena uso kwa uso. Wenyewe huita kutila. Mzee akishika njia hii, mkamwana hushika ile. Mzee akikohoa uani, mkamwana hujifunika khanga na kutoweka. Na neno halipiti baina yao ila kwa kinywa cha mtu wa tatu. Wengi siku hizi wameilegeza desturi hiyo. Mzee Yakobo hakuilegeza hata uzi mmoja. Na kwa kuwa ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kuingia zizini kwa Hezroni, Keziya alikuwa mkamwana wake, ingawa harusi ilikuwa bado.

Na harusi ilikuwa bado kwa sababu bibi harusi alikuwa ng'ambo, akilia.

Alilia kwa simu, jioni baada ya jioni.

"Kenani," husema, "leo nimeziota ndizi zetu, mbalaga."

"Zimepikwa na nini?"

"Na maziwa. Nikaamka kabla sijaonja." Hapo kwikwi humshika.

"Pole, mpenzi wangu. Kwani huko wanakulisha nini?"

"Nsima."

"Ndiyo nini?"

"Ugali."

"Sasa si ugali huo huo?"

"Ni ugali, Kenani, lakini si ule!" Na kilio kikaanza upya.

Jioni nyingine aliililia mvua ya Kyela, ile inyeshayo bila kumwuliza mtu kama ameanua nguo. Jioni nyingine akawalilia vyura. Siku moja alililia tope la Mwaya, tope lenyewe lile linalokuvua kiatu na kubaki nacho. Kenani, mtu asiye na hila, hakujua kwamba yako machozi ya aina nyingi. Kwake yeye chozi lilikuwa wito, na mwenye kuitwa huinuka. Akamwendea baba yake.

"Tata," alisema, "Keziya anateseka ng'ambo."

Mzee Yakobo aliweka chini panga la kupasulia kakao. "Mtoto wa watu ambaye nimekwisha kumtolea ng'ombe anateseka, nasi tumekaa hapa tunalamba mbegu? Jumapili tutakwenda kumchukua."

"Nitakwenda na mshenga, Tata."

"Mshenga amekwenda, akarudi ameshiba na hana jibu. Akaenda tena, akarudi amenenepa. Safari hii nakwenda mwenyewe. Nitakaa nje, sitamwona wala hataniona. Macho yamekatazwa, masikio hayakukatazwa."

"Na kama..." Kenani alisita. "Kama atasema bado?"

Mzee aliitazama saa yake, kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa humo. "Akisema bado, ng'ombe watarudi Mwaya kwa miguu yao wenyewe. Nimechoka kuulizwa mlangoni mwa kanisa mkamwana wangu yuko nchi gani. Jumapili, kabla jua halijazama, nitajua moja."

Usiku ule Kenani alishika simu.

"Keziya, Jumapili tutafika, saa nane mchana."

"Tutafika, wewe na nani?"

"Mimi na Tata."

Sauti ndogo ikasema: "Kenani, mimi nina chumba kimoja."

*

Jumapili ilipowadia, gari la kukodi lilipakiwa mkungu wa mbalaga, samaki wa mbasa waliokaushwa kwa moshi, maparachichi, na gunia la mchele. Maana hakuna aliyekumbuka kwamba walikuwa wakimpelekea mchele muuza mchele. Walipokwisha kuvuka mpaka pale Kasumulu, Kenani alikohoa kwa adabu.

"Tata, upande huu saa yao iko nyuma ya yetu. Tukienda hivi tutawafikia mapema."

"Saa hii niliinunua Kyela, wala haijapata kunidanganya."

"Haidanganyi, Tata. Ila wenyewe huku..."

"Jua la Karonga hutokea wapi? Si huko huko kwetu kwenye milima? Basi sisi ndio wenye saa. Wao wamechelewa, na mtu hachelewi kwa sababu jirani yake amechelewa."

Na kosa hili dogo, ambalo hulijua kila aishiye kando ya mto ule, ndilo lililoivuruga siku nzima.

Keziya alikuwa ameipanga siku yake vyema. Mzee angekaribishwa barazani kwa fundi Godwin, mshona nguo wa jirani. Mwenyewe angebaki chumbani, amenyamaza, amevaa gauni la kanisani, na sura ya mtu aliyekonda kwa majonzi. Lakini hayo yalikuwa ya saa nane. Saa saba ilikuwa ya Kilio.

Kilio ndilo jina walilokipa kikao chao wana wa Kyela waishio Karonga. Kila Jumapili, ibada ikiisha, walikusanyika uani kwa Shangazi Felista, kila mmoja na chungu chake, wakala huku mmoja mmoja akisimama kusimulia anachokikumbuka cha nyumbani. Aliyesimulia vizuri zaidi alipewa kichwa cha samaki. Mwenyekiti alikuwa fundi Godwin, ambaye aliondoka Ipinda akiwa kijana, hakurudi hata kwa matembezi, na hakukuwa na Jumapili aliyoacha kulia mpaka kola ikalowa.

Wageni waliposhuka garini, walisikia vicheko. Mzee Yakobo alimtazama mwanawe.

"Hayo ndiyo mateso?"

Mzee akatangulia, akasukuma lango la matete.

Katikati ya uwanja alisimama Keziya, mgongo kwa lango, khanga imefungwa shingoni, mwiko mkononi kama bakora. Hadhira ilikuwa hoi.

"Na tena, ndugu zangu," alikuwa akisema, "mimi nakumbuka kitu ambacho sijawahi hata kukiona! Nakumbuka kikohozi cha baba mkwe wangu. Nilikwenda Mwaya mara moja kupeleka salamu, nikakisikia nyuma ya migomba, nikatumbukia mtaroni na chungu changu. Kikohozi chenyewe ni hivi." Akajivuta kifua, akapandisha mabega, akakohoa kikohozi kizito chenye ngazi tatu na kituo mwishoni.

Kutoka langoni, kikohozi kile kile kikajibu, ngazi zake tatu na kituo chake.

Msomaji, hapo palikuwa na watu wazima waliosahau kumeza. Keziya hakugeuka, adabu ilimwokoa mahali ambapo akili ilikwisha kukimbia. Alijitupia khanga usoni na kuruka juu ya jiko, mara akawa hayupo. Pazia la mlango lilibaki likipepea. Mzee Yakobo naye aligeuka upesi akaukabili ua wa matete, pua yake ikaugusa.

"Mugonile," alisema kwa heshima, akiyasalimu matete.

"Tugonile, Tata," walijibu wote kwa pamoja, wamesimama.

Fundi Godwin alijipa moyo. "Karibuni sana. Mmefika... mapema."

"Tuliahidi saa nane. Ni saa nane."

"Hapa ni saa saba, Mzee."

"Kwenu," alisema Mzee Yakobo.

*

Wageni wakaketishwa. Mzee alipewa kigoda, akakigeuza, akakaa mgongo kwa mlango wa chumba. Keziya alisimama ndani nyuma ya pazia. Baina yao akasimama Shangazi Felista, mikono kiunoni.

"Felista," alianza Mzee Yakobo, "mwambie mtu aliye ndani kwamba sisi tuliambiwa analia."

"Keziya! Waliambiwa unalia."

"Shangazi," pazia likasema, "mwambie mtu aliye nje kwamba nilikuwa nalia kweli."

"Mzee, alikuwa analia kweli."

"Mwambie kwamba nilichosikia mimi si kilio."

"Keziya, alichosikia yeye..."

"Nimesikia, Shangazi."

"Kama umesikia, na yeye amesikia, mimi hapa nafanya nini na samaki wangu anaungua?" Shangazi alikatiza. "Mwe! Desturi yenu inakataza msisemeshane nyinyi kwa nyinyi. Haikatazi kusema na vitu. Mzee, hilo hapo gunia lenu la mchele. Keziya, humo ndani mna birika. Semeni navyo." Akaenda zake jikoni.

Mzee Yakobo aliligeukia gunia.

"Ewe gunia," alisema taratibu, "wewe umetoka Kyela. Umelimwa katika tope jema, umeanikwa, umekobolewa, ukafungwa mdomo kwa heshima. Niambie, huku ng'ambo una raha gani ambayo kwenu hukuipata?"

Ndani, Keziya alilishika birika kwa mikono miwili. Lilikuwa la bati, na kwa kuwa halikutelekwa tangu alfajiri, lilikuwa limepoa. Sauti yake ilianza kwa hofu.

"Ewe birika. Wewe ni shahidi yangu. Alfajiri nakuteleka mwenyewe, nikanywa chai mlangoni nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, bila mtu kuniuliza kwa nini nimekaa. Sokoni wananiita Dada wa Kyela; kule Ipinda nilikuwa binti Hezroni tu, na Kyela ilikuwa ya kila mtu. Wenyeji hapa wana lugha iliyo ndugu ya yetu; nikiisikia ni kama kumwona dada yangu amevaa nguo ya mtu mwingine, nikacheka peke yangu njiani. Nsima yao nailaumu kila siku na kila siku naimaliza. Na jioni, birika, tunakwenda mimi na wewe kuitazama milima ile ya Livingstone ng'ambo ya ziwa. Nilipokuwa nyumbani ilikuwa karibu mno, sikuiona. Huku ni ya buluu."

Pale uwanjani fundi Godwin alikuwa amekwisha kutoa leso.

"Gunia," alisema Mzee Yakobo, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali lakini si uamuzi, "maneno yako ni mazuri. Lakini mimi nilitoa ng'ombe ili nipate mkamwana, sikutoa ng'ombe ili nipate habari za milima. Jua likizama, ama unarudi nami Mwaya, ama ng'ombe wanarudi. Hilo ndilo nililolijia."

Birika lilisikika likiwekwa chini, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

*

Chumba cha Keziya kilikuwa na milango miwili, na ule wa pili ulitokea nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo na choo cha uani. Huko ndiko Kenani alikomkuta. Hawakuwa wameonana tangu mavuno ya mwaka uliopita. Walisimama, kanzu za kwaya za Shangazi zikining'inia kati yao, wakatazamana juu ya kamba. Na macho ya Keziya, kwa mara ya kwanza, hayakutangulia kucheka.

"Ulinidanganya, Keziya."

"Sikukudanganya. Kila chozi lilikuwa la kweli."

"Nimekukuta unacheka."

"Nilikuwa nacheka na kulia. Huku nimejifunza kwamba hivyo viwili hukaa kikao kimoja. Kenani, mimi nilizaliwa ndani ya harufu ya mchele wetu, wala sikuwahi kuinusa. Huku nikifungua gunia, soko zima linageuza shingo, nami najua nimetoka wapi. Nikirudi, nitakumbuka nini?"

"Utanikumbuka mimi."

"Wewe utakuwa umekaa mbele yangu, mtu mzima na sahani yake."

"Nitakwenda shambani. Utanikumbuka mpaka mchana."

Alicheka kidogo, akajifuta kwa mkono wa kanzu isiyokuwa yake. Kenani alisogea hatua moja. "Simu zote zile ulizililia mbalaga, ukawalilia vyura, ukalililia tope. Hukupata kunililia mimi. Nilikuwa nasubiri zamu yangu, Keziya, baada ya tope."

Keziya aliinamisha uso. "Vyura nawasimulia mbele ya watu, nikapewa kichwa cha samaki. Lakini kila ninapofika kwako, ulimi unakwama. Waulize walioko pale. Jumapili nikisema, 'Na tena nakumbuka...' kisha nikanyamaza, fundi Godwin husema, 'Huyu amefika Mwaya,' na kichwa cha samaki hupewa mtu mwingine. Nimewakosa samaki wengi kwa ajili yako, Kenani."

Hakuna mshairi aliyepata kumsifu mpenziwe kwa samaki. Lakini Kenani alizisogeza kanzu kando, apate kumwona vizuri.

"Basi rudi," alisema kwa sauti ya chini. "Tata hasemi mara mbili. Jua likizama wewe si wangu tena."

"Najua. Nami nimekwisha kuchagua, ndiyo shida yenyewe. Nimechagua wewe. Na nimechagua hapa. Kimoja kikitoka, kingine kinaoza."

Ndipo, kutoka ubavuni mwa nyumba, kikasikika kikohozi cha ngazi tatu.

Si kwamba Mzee Yakobo alikuwa amewafuata. Safari ilikuwa ndefu, chai ya Shangazi ilikuwa nyingi, na mzee alikuwa akitafuta choo. Keziya alijifunika khanga na kukimbia kuizunguka nyumba kwa upande wa kulia. Lakini mzee, aliposikia nyayo, kwa adabu yake aligeuka asikutane naye, akarudi alikotoka, wakawa wanakwenda kukutana mbele. Akakohoa. Keziya akageuka, akarudi mbio. Mzee, akihesabia kwamba mkamwana ameendelea mbele, akageuka naye. Kikohozi tena. Khanga ikapita kasi kwenye kona. Wana wa Kyela, vijiko mikononi, walimwona mkamwana akipita kutoka kushoto, kisha mkwe kutoka kulia, kisha mkamwana kutoka kulia, na mkwe kutoka kushoto, anashika kofia.

"Tata, simama!" Kenani alipaza sauti. "Wewe simama, yeye atapita!"

"Nisimame vipi, nami nina haja!" alijibu mzee kutoka nyuma ya jiko.

Mwishowe Shangazi Felista alimdaka Keziya kwa kiuno akamtia chumbani kama anayerudisha kuku bandani, na njia ya choo ikawa huru.

Mzee Yakobo alipotoka huko alikawia kidogo nyuma ya nyumba. Walipomwona tena, mabega yake yalikuwa yakitikisika. Walidhani ni hasira. Alipokaribia wakaona kwamba anacheka, kicheko cha mtu asiyekitumia mara kwa mara, chenye kutu. Akaketi kigodani, mgongo kwa pazia, akalikabili gunia.

"Gunia," alisema, "nilikuja kukuchukua. Lakini nimeizunguka nyumba hii nikajiona niko Mwaya."

Watu wakasogea karibu, naye akaendelea.

"Mwanangu mkubwa Moses ana mke, jina lake Hellen. Mkamwana mwema, mwenye adabu iliyopita kiasi. Asubuhi nataka kwenda kwenye migomba yangu. Yuko kwenye migomba. Nakohoa. Anakimbilia kisimani. Mimi nami nataka kunawa, yuko kisimani. Nakohoa. Anakimbilia jikoni, na chai yangu iko jikoni. Naweza kukaa na kiu katika uwanja nilioufyeka kwa mkono wangu, nasubiri ndoo ipite. Mvua ikinyesha ndiyo balaa, maana sote wawili tunataka paa moja. Mwaka jana niliugua kifua kweli, nikakohoa usiku kucha. Yule binti hakulala, alikuwa akihama vyumba."

Fundi Godwin aliketi chini.

"Naambiwa nyinyi mnakutana kila Jumapili kulia kwamba mko ugenini. Mna viti vyenu, mna milima ya buluu. Mimi niko ugenini nyumbani kwangu mwenyewe, wala hakuna aliyeniitia watu walie nami."

Uwanja ukaangua kicheko. Walicheka, wakalia, na fundi Godwin, uso umelowa, akainuka na kukichukua kile kichwa cha samaki kilichokuwa kikisubiri mshindi, akampelekea Mzee Yakobo kwa mikono miwili. Hakuna aliyepinga.

"Ndaga," alishukuru mzee, akakipokea kwa heshima. Akala kidogo, kisha akaendelea. "Sasa gunia, hebu tufikiri. Hellen anatembea. Huyu wa pili anaruka majiko. Nikimpeleka Mwaya nitapita wapi? Mkamwana mmoja amenifanya mgeni. Wa pili atanifanya mkimbizi. Hapana. Ng'ombe wakae kwa Hezroni. Harusi ifanyike Ipinda mvua zikipungua, kisha hawa wawili wakae huku. Moses ataitazama mikakao. Waje wakati wa mavuno, waje sikukuu, nitawafurahia sana; kisha waondoke, waniachie njia yangu ya chooni."

Nyuma ya pazia palisikika kitu kama kwikwi, na birika likaanguka.

"Na mwenye mwili wake ameulizwa?" alisema Shangazi Felista. "Kenani, gwe! Unahamishwa hapa kama mche wa kitaluni. Wewe unasemaje?"

Kenani alikuwa amepewa sahani. Ili kupata muda wa kufikiri, alimega nsima, akachovya, akatafuna kwa makini huku watu wote wakimtazama mdomo. Alifikiria kivuli cha mikakao asubuhi, na umande juu ya majani makavu, na jinsi Tata anavyopiga mluzi akidhani yuko peke yake. Akameza.

"Si mbaya," alisema. Kisha, kwa unyonge: "Lakini ule wa Mwaya..."

Hakumaliza. Kelele zilizopanda zilimfanya dereva atoke garini. "Ni mwenzetu!" fundi Godwin alipiga kelele, akimkumbatia. "Hajamaliza sahani ameanza kulalamika! Ni mwenzetu huyu!"

Na Kenani, akitazama pazia, akaona pembe yake imeinuliwa kidogo, na jicho moja, limelowa na linacheka, likimtazama yeye peke yake.

"Mzee, chakula chenu ndio kwanza kinapakuliwa," Shangazi alisema. "Msikimbilie. Hapa bado mapema."

Mzee Yakobo aliutazama mkono wake. Kisha, mbele ya mashahidi, akakivuta kile kichwa kidogo cha saa, akairudisha nyuma saa nzima.

"Kumbe," alisema, "wana wa Karonga si wachelevu. Wamepewa muda zaidi."

*

Jua lilikuwa likielekea kuzama walipoagana. Mzee Yakobo alisimama langoni, mgongo kwa nyumba, akavua kofia, akasema na barabara.

"Mungu wa njia, sisi tunaokwenda unatuona, tuna taa za gari. Tunakuomba kwa ajili ya hawa wanaobaki. Kiu yao ya nyumbani usiizime ikaisha, wala usiiache ikawaunguza. Huyu mtu ambaye sikumwona leo, umpe wana wenye mbio kama zake. Na uwape watakaokaa naye choo chenye njia mbili."

"Amina," walisema wote. Na moja, kutoka nyuma ya pazia, ilichelewa kidogo, kwa kuwa ilipita kwenye machozi.

Gari lilikuwa halijafika hata Kasumulu simu ya Kenani ilipolia.

"Mmefika?"

"Bado hata daraja, Keziya."

"Nimeanza kukukumbuka."

Kenani alimwangalia baba yake, aliyekuwa amegeukia dirishani na kujitia usingizi. "Kwa raha," aliuliza polepole, "au kwa taabu?"

Mto ulikuwa ukisogea mbele yao, na giza juu yake.

"Leo," ilisema sauti, "kwa taabu. Sitaki hata samaki."

Mzee Yakobo, bila kufumbua macho, alikohoa ngazi moja tu, ya chini, isiyomkimbiza mtu.

Ewe Mola, uliyeweka mto baina ya nchi wala hukuuweka baina ya nyoyo, wahifadhi wanaobaki: waliobaki ng'ambo na waliobaki nyumbani, mwenye kungoja simu na mwenye kungoja njia yake ipitike, uwape wote kiti mlangoni, chai ya moto, na mtu wa kumkumbuka. Amina.